Chungu kwenye mchoro wa bustani kinamsema nani?

Ukimwuliza mtu maana ya vyungu vya udongo kwenye mchoro wa bustani, jibu huja upesi: udongo ni ardhi, ardhi ni mama, basi chungu ni uzazi. Sikatai. Ila jibu hilo lingefaa hata kwa tuta la mboga, na halielezi kwa nini mchoraji alihangaika kuchora chungu.

Mimi naona chungu humleta mtu kwenye picha isiyo na mtu. Mmea ulio ardhini hujitafutia maji kwa mizizi. Ulio chunguni hauna pa kwenda. Tena udongo uliochomwa bila kupakwa kitu una vitundu vidogo sana, maji hupenya ukutani na kukauka nje, hivyo mmea wake hupata kiu mapema kuliko ulio kwenye chombo cha plastiki. Chora chungu chenye maua yaliyochangamka, umeshasema kuna mtu amepita hapo na maji, pengine asubuhi hiyo hiyo. Chora kingine kitupu, kimelala ubavu, na huyo mtu ama kaondoka ama kachoka.

Wanawake wa Athens ya kale walilijua hili. Katika sikukuu ya kumwomboleza Adonis, kijana wa hadithi za Kigiriki aliyekufa mapema, walipanda letusi na shamari kwenye vyungu vilivyovunjika, wakavipandisha juu ya paa, mimea ikachipua haraka na kunyauka haraka. Walitaka hasa chombo kisichoweza kuutunza uhai kwa muda mrefu.

Ndiyo maana vyungu visafi mno vinaniudhi. Chungu kilichotumika huwa na madoa meupe ya chumvi, inayobaki maji yanapokauka, na upande wa kivuli huota ukoga wa kijani. Anayechora madoa hayo amechora miaka ya kumwagilia. Anayeyaacha amechora bidhaa ya dukani.

Kuhusu rangi, tusizidishe. Wekundu wa chungu hutokana na oksaidi ya chuma iliyomo kwenye udongo, na wekundu hukaa mkabala na kijani kwenye duara la rangi, ule mpangilio wa wachoraji ambapo rangi zinazotazamana huchangamshana. Mara nyingine mchoraji alikuwa na majani mengi yaliyopoa, akahitaji kitu cha kuyaamsha, basi. Si kosa. Mimi hutafuta madoa ya maji kwanza. Nisipoyaona, chungu nakihesabu kuwa rangi tu na kuhamia kwenye miti.