Programu za kanisa mikononi mwa wanaojitolea: faida iko wapi, hatari iko wapi

Kanisa likihitaji programu ya kutunza orodha ya waumini, kurekodi sadaka au kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, lina njia tatu: kununua mfumo ulio tayari, kumlipa mtaalamu, au kumwomba muumini mwenye ujuzi ajitolee. Njia ya tatu ndiyo inayovuta mioyo. Mtu anatoa kipaji chake kama mwingine anavyoimba kwaya, na mfuko wa kanisa hauguswi. Wanaoipinga hujibu kwamba kwaya ikikosa sauti moja Jumapili ibada inaendelea, lakini mfumo wa sadaka ukimkosa mtu wake, huenda asipatikane hata mmoja anayejua nenosiri. Pande zote mbili zina hoja nzito. Kwa maoni yetu jibu linategemea zaidi namna kazi inavyogawanywa kuliko ukubwa wa kipaji kilichopo.

Tuanze na wanaounga mkono, maana hoja yao bora haisemwi mara nyingi. Wengi hutaja fedha zinazookolewa. Kikubwa zaidi ni kwamba muumini anajua mambo ambayo mtaalamu wa nje hawezi kuyauliza, kwa sababu hajui kwamba yapo.

Chukua kalenda ya ibada. Makanisa ya Magharibi huadhimisha Pasaka kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi hukokotoa kwa kalenda ya kale ya Juliasi. Mwaka 2024 tarehe hizo zilikuwa 31 Machi na 5 Mei. Mwaka 2025 zote ziliangukia 20 Aprili. Msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, aliyeweka kanuni ya kalenda isiyo ya kanisa lake, akaijaribu kwa mwaka 2025 tu, atapata jibu sahihi na kukabidhi kazi kwa amani. Mwaka 2026 programu hiyo hiyo itatangaza Pasaka tarehe 12 Aprili kwa waumini wanaoiadhimisha tarehe 5. Na kosa haliishii hapo: Jumatano ya Majivu huhesabiwa siku 46 kabla ya Pasaka, Kupaa siku 39 baada yake, Pentekoste siku 49. Anayefunga Kwaresima kila mwaka ataliona kosa kwa kutupia jicho tu. Asiyefunga anahitaji kuelezwa, na wa kumweleza lazima kwanza afahamu kwamba tatizo lipo.

Au tazama kisanduku kidogo cha "tarehe ya ubatizo". Mzee aliyebatizwa utotoni anakumbuka mwaka tu. Programu inadai siku na mwezi, la sivyo haihifadhi. Karani ana foleni mbele yake, kwa hiyo anaandika 01/01 na kuendelea. Ikipita miaka michache, daftari la kanisa linaonyesha umati uliobatizwa siku ya Mwaka Mpya, na hakuna njia ya kutenganisha tarehe za kweli na za kujazia. Dawa ni nyepesi ikitolewa mapema: siku na mwezi visiwe vya lazima, na pawe na sehemu inayosema kama tarehe ni kamili, ni mwaka tu, au ni ya kukadiria. Ikichelewa, mtu atarudi kwenye daftari la karatasi, ukurasa kwa ukurasa. Aliyewahi kukaa na karani wa kanisa saa moja ataliona hili bila kuambiwa.

Lugha nayo ni hivyo hivyo. Mtafsiri wa programu mara nyingi hupewa maneno moja moja bila kuona skrini yanakotokea. Neno la Kiingereza save, likiwa peke yake kwenye programu ya kanisa, linaweza kurudi likiwa "Okoa" badala ya "Hifadhi". Kibaya zaidi ni pale msanidi anapounganisha nomino na kitenzi kama matofali. Kiswahili kinataka upatanisho: muumini amefutwa, jina limefutwa, familia imefutwa, kumbukumbu zimefutwa. Kila sentensi lazima itafsiriwe nzima, na umoja na wingi viwe na nafasi zao, ili skrini isiandike "waumini 1". Hii ni kazi ambayo mwalimu wa lugha asiyejua kuandika msimbo (maagizo yanayoiendesha programu) anaweza kuifanya jioni moja, tena vizuri kuliko msanidi.

Kuna pia ushahidi kwamba kujitolea kunaweza kubeba mzigo mkubwa mno. FamilySearch, shirika la nasaba linalofadhiliwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilishirikiana na wengine mwaka 2012 kunakili majina ya sensa ya Marekani ya mwaka 1940. Zaidi ya watu 160,000 walijitolea, na majina takriban milioni 132 yakawa yanatafutika ndani ya miezi mitano hivi. Idadi inashangaza, lakini linalofaa kuigwa ni utaratibu. Kazi ilikatwa katika mafungu madogo. Fungu moja lilinakiliwa na watu wawili, kila mmoja kivyake; walipotofautiana, mtu wa tatu mwenye uzoefu aliamua. Aliyechoka aliacha fungu lake, likarudishwa, na mwingine akalichukua. Hakuna aliyekuwa nguzo.

Hapo ndipo wapinzani wanapopata nguvu, kwa sababu makanisa mengi hufanya kinyume chake kabisa: humpa mtu mmoja kila kitu. Anwani ya tovuti inasajiliwa kwa barua pepe yake binafsi. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inalipiwa kwa kadi yake. Msimbo uko kwenye kompyuta yake ndogo. Hakuna ubaya wowote katika nia yake. Aliona ni haraka zaidi hivyo, na kweli ilikuwa haraka. Kisha anahama, anaugua, au anapata mtoto wa kwanza. Notisi ya kulipia anwani inafika kwenye sanduku la barua ambalo halifunguliwi tena. Kwa anwani za .com, kampuni iliyoisajili inaweza kuishikilia hadi siku 45 baada ya muda kwisha. Hufuata siku 30 za kuikomboa kwa ada ya ziada, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu yeyote duniani anaweza kuinunua. Kanisa huenda likagundua siku tovuti yake inapoanza kuonyesha matangazo ya kamari.

Programu pia huoza hata isipoguswa. PHP ni lugha ya kuandikia programu za tovuti, na toleo lake la 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama 28 Novemba 2022. Mfumo ulioandikwa juu yake uliendelea kufungua kurasa zake asubuhi iliyofuata kama kawaida, na hiyo ndiyo hatari: hakuna kengele inayolia. Aliyejitolea kujenga alifurahia kujenga. Kuhamisha mfumo wa zamani kwenda toleo jipya ni kazi isiyo na shangwe, na watu wachache hujitolea kwa ajili yake.

Kuhusu faragha, kesi moja inapaswa kujulikana na kila kamati ya kanisa. Mwishoni mwa mwaka 1998, mwanamke aliyekuwa akijitolea kama katekista katika usharika mmoja wa Uswidi alitengeneza kurasa za tovuti nyumbani kwake ili kuwasaidia waliojiandaa kwa kipaimara. Aliwaelezea watumishi wenzake: majina, kazi, vitu wanavyopenda, namba za simu. Aliandika kwamba mmoja wao ameumia mguu na anafanya kazi nusu muda kwa sababu za kiafya. Hakuwa amewaomba ruhusa. Aliposikia kwamba baadhi yao hawakupenda, aliziondoa kurasa hizo. Hata hivyo alishtakiwa na kutozwa faini ya kroni 4,000. Alikata rufaa, na maswali yakafika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Hukumu ya 6 Novemba 2003 ilisema kwamba kumtaja mtu kwenye ukurasa wa tovuti ni uchakataji wa data zake, kwamba habari ya mguu ule ni data ya afya, na kwamba kuwa kazi ya hisani au ya dini hakuiondoi chini ya sheria. Leo sheria ya Ulaya inaiweka imani ya mtu katika kundi la data zinazolindwa zaidi. Maana yake orodha ya waumini, hata ikiwa na majina matupu, tayari inafichua jambo nyeti. Ukiongeza maombi ya wagonjwa na kumbukumbu za ushauri wa mchungaji, umeshika moto.

Fedha zina mitego yake. Msanidi chipukizi huhifadhi sadaka kama namba za desimali zinazoelea, ambazo kompyuta huzikadiria tu, kiasi cha kutoa 0.1 + 0.2 = 0.30000000000000004. Kwa muamala mmoja hakuna anayeona. Miamala ikiwa mingi jumla inaweza kutofautiana na ya benki kwa senti chache, na senti chache zikipotea kanisani, anayetazamwa ni mweka hazina. Fedha zihifadhiwe kwa kipimo kidogo kabisa kama namba kamili, au kwa aina ya DECIMAL kwenye hifadhidata. Kosa lisifutwe, liandikwe ingizo la pili la kusahihisha, likiwa na jina la aliyesahihisha. Anayeingiza na anayethibitisha wawe watu wawili wenye akaunti mbili.

Tukiziweka hoja hizi pamoja, tunaona upande wa wapinzani umeshinda kuhusu mifumo ya sadaka na kumbukumbu za kichungaji. Hiyo inunuliwe, au ilipiwe mtu mwenye mkataba, hata kama kanisa ni dogo na mfumo wenyewe ni wa kawaida. Muumini mwenye ujuzi bado ana nafasi hapo, nayo ni ya heshima: kukaa upande wa kanisa wakati wa kununua, na kuuliza kama data zinaweza kutolewa zote kwa faili la kawaida siku mkataba ukivunjwa.

Kwa mengine, kujitolea kuna nafasi pana, na mahali pazuri pa kuanzia ni mradi ambao tayari upo. Kuna programu huria za kutosha, yaani ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha: OpenLP ya kuonyesha nyimbo na maandiko, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python, ChurchCRM ya kutunza waumini, kwa PHP na hifadhidata ya MySQL, na maktaba ya msimbo ya SWORD ya shirika la CrossWire, kwa lugha ya C++, inayobeba maandiko ya Biblia. Anayejua Python akirekebisha hitilafu moja ya OpenLP, badiliko lake hukaguliwa na wengine na kubaki hata yeye akiondoka. Akiandika programu mpya ya nyimbo kwa ajili ya usharika wake peke yake, amezaa mtoto atakayelelewa na yeye tu. Tahadhari moja: leseni huria ya programu haigusi maandishi yanayoonyeshwa ndani yake. Tafsiri nyingi za kisasa za Biblia na nyimbo nyingi zina hakimiliki, na ruhusa huombwa kwa wenyewe.

Suala la nani anamiliki msimbo limalizwe kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Katika nchi nyingi, asiyeajiriwa hubaki na hakimiliki ya alichoandika mpaka atie sahihi kuitoa au kuweka leseni. Upande mwingine, mkataba wa ajira yake unaweza kumpa mwajiri haki juu ya msimbo alioandika, hasa akitumia kompyuta ya kazini. Ukurasa mmoja wenye sahihi unatosha.

Utaratibu wa kila wiki nao una uzito. Mabadiliko yasiwekwe Jumamosi. Jumanne inafaa zaidi, kwa kuwa siku za kurekebisha zinabaki. Mfumo wa kuandikisha watoto wa shule ya Jumapili haupati watu taratibu: karibu wote hufika ndani ya dakika chache kabla ya ibada, kwa hiyo ujaribiwe kwa msongamano huo, na orodha ya karatasi iwe imechapwa pembeni. Akaunti zote ziwe kwa barua pepe ya ofisi ya kanisa, na watu wawili wawe na funguo. Aliyejitolea apewe muda wenye mwisho, tuseme miezi sita, ili aweze kuondoka bila kuonekana amelikimbia kanisa.

Na nakala rudufu: tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Kila robo mwaka, mtu ambaye hakuujenga mfumo achukue nakala moja na kompyuta tupu, afuate maelekezo yaliyoandikwa, aurudishe mfumo mpaka orodha ya waumini ifunguke. Mjenzi akae chumba kingine. Pale atakapokwama, pawekwe alama. Ndiyo kazi ya kwanza ya robo inayofuata.