Leza ya macho kwa mwenye sukari: mimi ningekubali, lakini niambiwe ukweli wote

Kaa kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Magharibi mwa Kenya, iwe Kisumu, Kakamega au Vihiga, na haitapita saa moja kabla hujasikia mtu akisema leza hupofusha. Kila mmoja ana jirani wa kutolea mfano: alikuwa anaona, akapelekwa hospitali akapigwa mwanga machoni, na sasa anashikwa mkono kwenda chooni. Wanaosema hivyo si waongo. Jirani yupo, na kweli haoni. Ninachokataa ni kuibebesha leza lawama yote, kwa sababu wengi wa majirani hao hufika jicho likiwa limeshaingia damu au retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeshaanza kuvutwa. Leza hairudishi kilichokwenda. Hata ikifanya kazi yake sawasawa, hutaona vizuri kuliko ulivyokuwa unaona asubuhi ya siku hiyo. Kazi yake ni kuzuia tu.

Hapo ndipo pagumu kwetu. Tumezoea mtoto wa jicho: mzee anaingia hospitali ya macho ya Sabatia haoni, kesho yake bandeji inatolewa na anawaita wajukuu kwa majina. Tunatarajia kila tiba ya jicho iwe hivyo. Leza ya mwenye sukari ni kinyume chake. Unaombwa uikubali ukiwa bado unaona, na ukitoka unaona vibaya kidogo kwa muda.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mingine huvuja, mingine huziba. Retina ikikosa hewa ya kutosha hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya iote, na mishipa hiyo mipya ndiyo balaa: ni dhaifu, hupasuka, hujaza jicho damu, halafu huacha makovu yanayovuta retina hadi ing'oke. Daktari wa leza huchoma vidoa vidogo pembeni mwa retina, mara nyingi kati ya 1,200 na 1,600 kwa jicho moja, bila kugusa kiini cha katikati tunachotumia kusoma na kutambua sura. Ni kama mkulima wakati wa ukame anayeng'oa mahindi ya kingoni ili maji machache yaliyopo yafikie ya katikati. Sehemu iliyochomwa haidai hewa tena, kemikali inapungua, na mishipa ile mibovu inanyauka.

Kwamba hili linasaidia si jambo la kubahatisha. Marekani walilijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 1,700 kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970: kila mgonjwa, jicho moja likafanyiwa, la pili likaachwa. Baada ya miaka 2 hivi, kati ya macho 100 yaliyoachwa, karibu 16 yalikuwa yamepoteza sehemu kubwa sana ya uwezo wa kuona. Kwa yaliyofanyiwa, yalikuwa 6. Mwaka 1976 tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba waliona si haki kuendelea kuwanyima wengine tiba hiyo. Lakini watu hao hao waliandika pia hasara: takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 alishuka angalau mstari mmoja kwenye ubao wa herufi kwa sababu ya leza yenyewe, na wengine uwezo wa kuona pembeni ukapungua.

Nimeyaona yote mawili kwa mama mdogo wangu, anayeuza mitumba soko la Luanda na ambaye sukari ameishi nayo miaka mingi. Nilimsindikiza. Muuguzi alimtia matone ya kupanua mboni, na punde akanipa simu yake nimsomee aliyempigia, maana herufi zilikuwa zimemkimbia. Ndani, akatiwa ganzi ya matone, akaegemeza kidevu kwenye mashine, akawekewa lenzi juu ya jicho lenyewe. Kisha mwanga wa kijani, tak, tak, tak, mfululizo. "Mama, tazama sikio langu, usisonge," daktari alikuwa akirudia. Alistahimili vizuri hadi mwanga ulipofika upande mmoja wa jicho, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Daktari, hapo panadunga huku nyuma." Daktari akapumzika kidogo, akapunguza nguvu, akaendelea. Ilikuwa raundi ya kwanza tu, zilifuata nyingine.

Maumivu yaliisha siku hiyo hiyo. Lililomtesa ni jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Alipewa fomu, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, basi. Baadaye akaanza kukosa ngazi ya matatu akishuka giza likiingia, na akiingia nyumbani kutoka juani anasimama mlangoni muda mrefu akisubiri macho yazoee. "Mwanangu, ugonjwa unazidi," aliniambia, na akawa ameamua jicho la pili haliguswi. Ugonjwa haukuwa unazidi. Vile vidoa vinachomwa kwenye sehemu ile ile ya retina inayotusaidia kuona gizani na kuona pembeni. Hiyo ndiyo bei ya leza, inajulikana, na sentensi mbili kabla ya sahihi zingemwepushia hofu ile yote. Nakasirika nikifikiria ni wagonjwa wangapi wanakatiza tiba katikati kwa sababu mtu aliona ukweli utawatisha.

Kwa dereva wa matatu ya usiku kati ya Nakuru na Eldoret, au mwendesha boda anayetegemea abiria wa saa nne usiku Kondele, bei hiyo si ndogo. Huenda ikabidi abadilishe saa za kazi, na ni haki yake kulijua hilo mapema ajipange na familia yake. Lakini pia ajue kwamba jicho lililojaa damu haliendeshi hata mchana.

Kuna wanaoniambia leza imepitwa na wakati, siku hizi ni sindano. Sindano za ndani ya jicho, zinazoizuia ile kemikali, ni dawa nzuri kweli. Uvimbe ukiwa katikati, pale kwenye kiini, sindano ndiyo huanza, maana leza ya pembeni inaweza kuuchochea uvimbe huo uzidi. Kwa hiyo muulize daktari kama kiini chako kimevimba kabla hujakubali leza. Na utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kwa ile mishipa mipya, wa sindano hawakuwa nyuma ya wa leza baada ya miaka 2, tena walibaki na pembeni nzuri zaidi. Ningekuwa naishi mtaa wa pili kutoka hospitali na bima yangu haisumbui, pengine ningechagua sindano.

Ila sindano inataka urudi, mwanzoni kila mwezi, kwa miaka. Nguvu yake ikiisha, kemikali ile inapanda tena. Mwaka 2019 madaktari wa Philadelphia, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa waliopotea kliniki zaidi ya miezi 6 kisha wakarudi: waliokuwa kwenye sindano peke yake walikuwa na hali mbaya kuliko waliokuwa wamefanyiwa leza, na retina zao ndizo zilizovutwa zikang'oka zaidi. Hiyo ni Philadelphia. Sasa fikiria mama wa Bunyala wakati barabara imefunikwa na maji ya mto Nzoia, au mzee wa Mlima Elgon ambaye nauli yake ni maziwa, na mwezi huu ng'ombe amekauka. Nani atakuapia kwamba hatakosa miezi sita?

Ndiyo maana nasema, kwa wengi wetu huku, leza ndiyo yenye busara. Ikishachomwa imechomwa, haikudai nauli ya mwezi ujao ili iendelee kukulinda. Bado utahitaji kuangaliwa, na wengine huongezewa raundi, lakini ukikwama kijijini jicho haliko uchi. Kwa mama mjamzito hoja ina uzito zaidi, kwa kuwa sindano hizo huepukwa akiwa na mimba na leza haimdhuru mtoto. Wala leza haikusamehe chai ya sukari nyingi na vidonge vya presha vilivyosahauliwa kabatini. Mishipa itaendelea kuharibika.

Anayeenda, asiende peke yake, na asipande pikipiki kama dereva kurudi. Mboni hukaa wazi saa kadhaa na jua la Kisumu saa saba halina huruma, kwa hiyo beba kofia. Ukiona nukta nyingi nyeusi zinaelea ghafla, au pazia linashuka upande mmoja, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Ninachowadai wakubwa wa afya katika kaunti zetu ni kamera. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na zaidi uliwapiga picha za macho wenye kisukari, na zaidi ya theluthi moja walikuwa na ugonjwa huu wa retina. Wengi walio hatua za mwanzo hawasikii dalili yoyote, na hawana sababu ya kujipeleka kwa daktari wa macho. Lakini kliniki ya sukari wanahudhuria, wanapimwa presha, wanachomwa kidole, wanapewa dawa. Picha ya retina ipigwe siku hiyo hiyo, kwenye jengo hilo hilo, mara moja kila mwaka, na isomwe na anayejua hata kama ameketi Eldoret. Hapo leza itawafikia watu wakiwa bado na kitu cha kuokolewa.