Dumuzi na fukusi: lawama zote kwa mmoja

Tangu dumuzi, mdudu mtoboa nafaka aliyetokea Amerika ya Kati, abainike Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu kila hasara ya mahindi ghalani huandikwa kwa jina lake. Lawama hizo hazikuzuka bure. Katika miezi michache anaweza kumaliza theluthi ya uzito wa mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, makopa ya muhogo huyageuza vumbi, na hata miti ya kihenge huitoboa. Si ajabu kwamba wakulima wa Kenya walimbandika jina la Osama.

Fukusi, mdudu mwingine wa nafaka na mwenyeji wa siku nyingi, huonekana msumbufu mdogo tu, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Jike lake hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai shimoni na kuziba tundu kwa ute, mara nyingi mahindi yakiwa bado shambani. Punje hiyo itapukuchuliwa, itapepetwa na kutiwa guniani ikionekana nzima, ilhali ndani yake kiluwiluwi anakula, na wakati wa joto hutoka akiwa mdudu kamili baada ya takriban wiki tano.

Ushauri uliozoeleka, yaani kupukuchua mapema na kuchanganya dawa ya unga, unamfaa zaidi dumuzi, ambaye hustawi pale punje zinapobanana kwenye gunzi na kumpa mahali pa kujikaza anapotoboa. Kiluwiluwi wa fukusi hapungukiwi na kitu kwa kupukuchuliwa, wala vumbi la dawa halimfikii. Dawa humngoja atoke, na akitoka huenda ikamuua kweli, lakini punje imekwisha kuliwa. Mkulima anayefungua gunia na kukuta matundu hudhani aliuziwa dawa feki, kisha huongeza nyingine juu ya chakula cha wanawe (kosa ambalo, kwa maoni yangu, lina hatari kuliko fukusi mwenyewe).

Mifuko isiyopitisha hewa huwakosesha wote wawili pumzi, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri, ingawa dumuzi anaweza kuutoboa mfuko, na kwa hilo yeye ndiye mkorofi zaidi. Kwa fukusi, kinachoamua ni siku ya kuvuna: mahindi yaliyokwisha kukomaa yakiachwa wiki kadhaa shambani, hasa yale ambayo maganda hayakufunika ncha ya gunzi, huingia ghalani na mayai tayari.