Vibali Vinatoka Haraka. Nani Anakwenda Saiti?

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na baada ya hapo halmashauri huanza kutoleana hesabu za mafanikio. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji, ambalo hadi Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa upande wa vibali vya ujenzi na leseni za biashara, taarifa za aina hii hufanana mwaka hadi mwaka. Vibali vimeongezeka, siku za kusubiri zimepungua, mfumo wa mtandao umemaliza foleni, mapato yamevuka lengo.

Wapo wanaozipigia makofi. Wapo pia, na hawa ni wengi zaidi vijiweni, wanaozicheka na kusema watu ni walewale, wamebadilisha kompyuta tu. Hawa wa pili nadhani wanakosea, na ninaanza nao kwa sababu kosa lao linapendwa mno mjini.

Anayekumbuka enzi za faili la karatasi anajua lilivyokuwa likitembea. Linaanzia ardhi kuthibitisha umiliki, linakwenda mipango miji kuangalia kama kiwanja kinaruhusu ujenzi unaoombwa, linapita kwa mhandisi na kwa bwana afya, na kama ni ghorofa kuna zimamoto, halafu linasubiri kikao. Likikwama, mwombaji hakuwa na namna ya kujua limekwama kwa nani. Pengo hilo ndilo lililomlisha kishoka, yule mtu wa kati asiye rasmi. Vishoka wengi hawakuwa na ujuzi wowote wa michoro. Mtaji wao ulikuwa kujua faili liko meza gani na mwenye meza anakunywa chai saa ngapi. Mfumo unaomwonyesha mwombaji ombi lake limefika hatua ipi unauvunja mtaji huo, na hilo si jambo dogo.

Malipo nayo yamebadilika. Siku hizi unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, na hela haipiti mkononi mwa mtu. Leseni za biashara zinazotolewa na halmashauri sasa zinaombwa kupitia mfumo wa Tausi ulio chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Huko juu nako kulifanyika usafi. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara uliopitishwa mwaka 2018, ule unaojulikana zaidi kama Bluprinti, ulikusudia kupunguza utitiri wa taasisi zinazomdai mfanyabiashara mmoja karatasi zinazofanana. Mwenye kiwanda kidogo cha chakula alikuwa anatazamana na TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na TBS, shirika la viwango, kwa bidhaa ileile. Mwaka 2019 masuala ya chakula yakahamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA.

Kwa nini kasi ina maana hivyo? Fikiria anayefungua duka Sinza au Mbagala. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima. Kuanzia siku hiyo kodi inatembea, leseni itoke isitoke. Anayejenga kwa mkopo yuko vilevile. Riba haisubiri kikao cha vibali, na bei ya saruji haimsubiri yeyote. Kila wiki inayookolewa pale ofisini ni fedha inayobaki mfukoni mwa mwananchi. Kuna faida nyingine ambayo taarifa hazijivunii vya kutosha. Ofisi ikiwa nyepesi, wengi zaidi wanapita mlangoni. Ikiwa nzito, watu wanajenga usiku na Jumapili.

Kwa hiyo mafanikio yapo. Ninachouliza ni yamepimwaje.

Siku za kusubiri zinahesabiwa kuanzia lini? Mara nyingi saa ya ofisi huanza kutembea pale ombi linapokuwa "limekamilika". Ombi lililorudishwa kwa sababu mchoro mmoja hauna muhuri wa mtaalamu halijakamilika. Likirudi tena, likarudishwa kwa kasoro nyingine ambayo ingeweza kusemwa tangu mara ya kwanza, bado halijakamilika. Mwombaji amekaa miezi, ofisi inaandika siku kumi, na hakuna aliyesema uongo. Zimamoto wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na cheti cha mazingira kwa miradi inayokihitaji kinashughulikiwa na NEMC, baraza la mazingira la taifa. Ombi likiwa huko, halmashauri itasema kwamba halipo kwake, na itakuwa kweli. Mwananchi yeye ana kalenda moja tu.

Dunia ilishapata funzo lake hapa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara ilikuwa ikipima, pamoja na mengine, vibali vya ujenzi, na kwa Tanzania mji uliopimwa ulikuwa Dar es Salaam. Katika toleo la 2020 tulishika nafasi ya 141 kati ya nchi 190. Septemba 2021 benki ikaifuta ripoti hiyo baada ya kubainika kuwa takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa. Hatukuwa sisi tuliotajwa kwenye kashfa ile, lakini tabia ya kipimo ni ileile kokote: nafasi ikishakuwa zawadi, watu hufanyia kazi nafasi.

Lakini hata siku zikihesabiwa kwa uaminifu, bado zitakuwa zinahesabu karatasi. Hapa ndipo ninapoachana kabisa na taarifa hizi.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Maelezo yaliyotolewa wakati ule yalisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Novemba 16, 2024, jengo lililoanguka Kariakoo halikuwa jipya. Lilikuwa limesimama na watu wakifanya biashara ndani yake, na iliripotiwa kuwa kazi ya kuchimba na kuongeza sehemu ya chini ilikuwa inaendelea. Zaidi ya watu 20 walikufa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda tume kuchunguza majengo ya eneo hilo.

Yatazame majanga haya mawili ukiwa na taarifa ya mwaka ya ofisi ya vibali mkononi. La kwanza lilikuwa na kibali. Katika safu ya "vibali vilivyotolewa" lingehesabika kama moja ya mafanikio, na ghorofa sita za ziada zisingeonekana kwenye jedwali lolote, kwa sababu jedwali linafungwa siku karatasi inapotoka. La pili lisingeonekana popote. Nyumba ilishajengwa na jalada lake lilishafungwa. Kilichohitaji jicho ni ukarabati, na ukarabati wa Kariakoo hufanyika nyuma ya mabati huku duka la jirani likiendelea kuuza vitenge. Dirisha lenye kasi mara mbili lisingemwokoa mtu hata mmoja katika majengo hayo. Kilichohitajika ni mkaguzi anayefika saiti wakati nondo zinafungwa, anayehesabu sakafu, anayeuliza kwa nini kuna udongo unatoka chini ya jengo lenye wapangaji, na mwenye nguvu ya kusimamisha kazi bila kupigiwa simu na mkubwa.

Utetezi wa halmashauri katika hili una uzito, na hauna budi kusikilizwa. Usalama wa jengo haumhusu mhandisi wa manispaa peke yake. Wabunifu majengo wana bodi yao, makandarasi wana yao, CRB, wahandisi wana ERB, na OSHA, wakala wa usalama kazini, nao wana kazi yao kwa wafanyakazi walioko saiti. Mkandarasi aliyesajiliwa akipandisha ghorofa zisizoruhusiwa, wa kwanza kubanwa ni yeye na msimamizi wake. Tena mkaguzi wa halmashauri ana eneo kubwa mno. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi na kila mmoja anataka mahali pa kulala. Anayetegemea mhandisi mmoja mwenye gari lisilo na mafuta awafikie wote anaomba muujiza.

Nakubali yote hayo. Nikishakubali, nashindwa kuelewa kwa nini hayamo kwenye taarifa. Kama gari halina mafuta, liandikwe. Kama saiti zilizokaguliwa ni sehemu ndogo ya vibali vilivyotolewa, namba zote mbili ziwekwe ubavu kwa ubavu, ili diwani anayepitisha bajeti aone mwenyewe pengo liko wapi. Taarifa inayotaja mapato tu inampa diwani sababu ya kuongeza lengo la mapato mwakani. Haimpi sababu ya kuajiri mkaguzi.

Na mapato yenyewe yanastahili mashaka kidogo. Halmashauri zinahimizwa kuongeza mapato ya ndani na kulinganishwa nani kakusanya zaidi. Ni sawa, kwa kuwa humo ndimo hutoka fedha za barabara za mitaa na asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hatari ni kwamba ofisi ya vibali inaanza kujiona kituo cha ushuru. Aliyejenga bila kibali akikamatwa, faini yake ni mapato. Aliyekataliwa kibali kwa sababu kiwanja kiko bondeni ni hasara kwenye lengo. Sidai kwamba maofisa wanapiga hesabu hiyo kila asubuhi. Nasema kipimo kinawasukuma huko, na mtu mwema naye husukumwa. Ni mara chache utasikia taarifa ya mwaka ikijivunia maombi yaliyokataliwa, wakati kukataa ombi baya ni nusu ya kazi ya ofisi hiyo.

Kuna na kundi lisilofika dirishani kabisa. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye makazi yaliyokua bila kupimwa: Manzese, Tandale, Buguruni, pande nyingi za Mbagala. Kibali cha ujenzi kinaanza na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja kilichopimwa. Wao wana karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na baadhi wana leseni ya makazi. Mfumo wa mtandao uwe mzuri namna gani, hauwahusu. Ofisi wanaifahamu siku alama ya X nyekundu ya kubomolewa inapochorwa ukutani. Wapo watakaosema kosa ni lao kwa kujenga holela. Ukweli ni kwamba jiji liliwatangulia kwa uzembe: mipango mikuu yake ni ya 1949, 1968 na 1979, halafu ikapita miongo kabla ya mwingine kuandaliwa, na viwanja vilivyopimwa kwa mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 vilikuwa vichache mbele ya mahitaji. Asilimia ya maombi yaliyoshughulikiwa kwa wakati inaweza kuwa kubwa sana na bado ikawa inahusu sehemu ndogo ya nyumba zinazopanda kila mwezi.

Hata wanaofika dirishani, si wote wanaofika wenyewe. Pita jirani na ofisi yoyote ya halmashauri uone steshenari zilivyojipanga, kila moja na kijana anayejaza maombi ya watu kwa malipo. Simkejeli kijana huyo, anafanya kazi ambayo ofisi ingeifanya. Lakini pale anapofungua akaunti kwa namba yake ya simu, ujumbe wote wa mfumo unakwenda kwake, na mwenye kiwanja anarudi kuuliza "limefika wapi" kama zamani. Dawati moja la msaada lenye mtu mvumilivu, ndani ya jengo, bure, lingefanya mengi kuliko toleo jipya la mfumo.

Taarifa ijayo ningependa iwe na mambo machache tu. Siku zihesabiwe tangu mwombaji alipowasilisha mara ya kwanza hadi alipopata jibu, pamoja na idadi ya mara alizorudishwa. Maombi yaliyokataliwa yatajwe na sababu zake. Saiti zilizokaguliwa zitajwe, na ni katika hatua gani, maana ukaguzi wa msingi na ukaguzi wa rangi havifanani. Ukarabati wa majengo ya zamani uwe na safu yake, hasa Kariakoo na katikati ya mji. Wapo watakaoonya kwamba kuchapisha udhaifu kutaifunga halmashauri mahakamani siku jengo likianguka. Huenda. Lakini jengo likianguka, maswali yatakuja tu, na aliyeandika mapema kwamba hana wakaguzi atakuwa na la kujibu kuliko aliyeandika kwamba lengo limevukwa.

Lipo pia jambo la bei ndogo ambalo halisubiri bajeti mpya. Saiti ya mkandarasi tayari inatakiwa kuwa na bango lenye majina ya wahusika wa mradi. Iongezwe namba ya kibali na idadi ya sakafu zilizoidhinishwa, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, pamoja na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa hata Jumapili. Mama lishe anayewapikia mafundi wa saiti hiyo anajua kila siku wamemwaga zege la sakafu ya ngapi.