Haraka ya kurenda inalipwa na nani?

Mafundi wa video za harusi hawajamaliza ubishi huu: urende, yaani utoe faili la mwisho la video uliyohariri, kwa kadi ya grafiki umalize upesi, au uiachie prosesa usiku kucha upate faili dogo lenye picha safi? Wanaotetea haraka wana hoja nzito. Mteja anapiga simu tangu Jumatatu, harusi nyingine ni Jumamosi, na umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa nane unaanza upya. NVENC, saketi ya kubana video iliyo ndani ya kadi za Nvidia, hukata sehemu kubwa ya muda huo, na za miaka ya karibuni zina picha nzuri kuliko zile za zamani.

Hata hivyo, kasi ina bei. Kubana video ni kutafuta kinachojirudia kutoka fremu moja hadi nyingine ili kisiandikwe mara mbili. x264, programu ya kubana video, ikienda taratibu kwenye prosesa hulinganisha mengi: kipande hiki cha shela kilikuwa wapi fremu iliyopita, kimesogea kiasi gani? Anayeharakisha hutafuta kidogo, na asichokiona hukiandika upya. Hapo ama faili linanenepa, ama picha inavunjika. Harusi ndiyo kazi ngumu kuliko zote: maua yanarushwa, shanga zinametameta, taa za ukumbi zinabadilika rangi, na giza la pembeni linageuka vigae.

Saa moja ya video kwa megabiti 8 kwa sekunde ni gigabaiti 3.6, kwa megabiti 5 ni 2.25. Kwenye diski ya fundi tofauti hiyo si kitu. Anayeiona ni bibi wa bwana harusi anayetazama kwa bando la simu, na ndugu wengine hamsini pamoja naye. Fundi anatoa muda wake mara moja, wao wanatoa megabaiti kila mmoja. Ndiyo maana naamini video itakayosambazwa inastahili kusubiriwa.

Kusubiri nako kuna kikomo. Kwenye mipangilio ya kasi ya x264, kutoka "medium" kwenda "slow" kunalipa. "Veryslow" huongeza saa nyingi kwa faida ndogo, na hatua ya mwisho kabisa waundaji wenyewe waliiita "placebo", kidonge kisicho na dawa. Mimi husimama kwenye "slow" na CRF 20, namba ya ubora ambayo ikipanda, picha hushuka. Ukiipandisha CRF kwa 6, faili hupungua takriban nusu, na macho yatakuambia.

Miundo mipya ya kubana video, H.265 ya 2013 na AV1 ya 2018, hubana zaidi, lakini simu isiyo na saketi ya kuifungua AV1 huchemka na kukwama. Kwa simu za watu wote, bado natoa H.264 ya 2003, muundo unaotolewa na x264.

Kadi ya grafiki naitumia kwa rasimu, mteja akague majina na muziki. Nakala ya mwisho narenda usiku, kisha asubuhi naifungua kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani, pale pale maua yanaporushwa.