Ukishapigwa kisu cha oparesheni, ni panadol au mofini?

Wifi yangu alijifungua kwa oparesheni, ganzi ya mgongoni ilipoisha usiku akapewa panadol mbili basi, alivoomba kitu cha nguvu zaidi akaambiwa hizo dawa kali zitamfanya teja. Hilo jibu limenikaa sana manake lina ukweli nusu, na hiyo nusu ndo inawaacha watu wanalia wodini.

Ukweli wenyewe ni huu, mofini, pethidini, tramadoli na kodeini zote ni jamii ya afyuni, zinazima maumivu kwenye ubongo na uti wa mgongo lakini hapohapo zinapunguza kasi ya kupumua, zinaleta kichefuchefu na zinalaza utumbo, mgonjwa anaulizwa kutwa nzima kama ametoa upepo na hajatoa. Kwa anayenyonyesha kuna zaidi, mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuhusu kodeini na tramadoli sababu wapo akina mama ambao miili yao inaigeuza dawa haraka mno na mtoto anaipata kwenye maziwa. Na uraibu sio hadithi. OxyContin, kidonge cha jamii hiyohiyo ya afyuni, iliingia sokoni Marekani 1996 ikinadiwa kwamba hatari yake ya uraibu ni ndogo, kampuni inayoitengeneza, Purdue, ikaja kukiri makosa mahakamani 2007 na tena 2020, watu wameshazikwa wengi sana.

Lakini angalia yale yalitokeaje, ni vidonge vya kubeba nyumbani, vingi, wiki mpaka miezi. Dozi ya siku moja mbili wodini huku nesi anahesabu pumzi ni kitu kingine kabisa. Ripoti ya jopo la jarida la kitabibu la Lancet ya 2017 ilionyesha kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Yani tumechukua woga wa waliozidishiwa wakati sisi hata kuonja hatujaonja.

Afu dawa zisizo za afyuni nazo watu wanazidharau bure. Parasetamoli, yani ndo hiyo panadol, na ibuprofeni zikimezwa pamoja baada ya kung'oa jino zinafanya kazi vizuri kama vidonge vya kodeini au hata kupita, ila ziende kwa saa, parasetamoli gramu 1 kila saa 6 bila kuvuka gramu 4 kwa siku, sio mpaka mgonjwa apige kelele. Diklofenaki ina nguvu ila mwenye figo mbovu au vidonda vya tumbo asiguse. Kuna na kidonge kipya suzetrigini, Marekani walikiidhinisha Januari 2025, kinazuia ishara ya maumivu kwenye mishipa ya fahamu kabla haijafika kwenye ubongo, kwenye majaribio kilishinda kidonge kisicho na dawa ndani lakini hakikushinda mchanganyiko wa haidrokodoni, nayo ni ya jamii ya afyuni, na parasetamoli, na bei yake 2025 ilikuwa dola 15 na nusu kwa kidonge kimoja. Kwa wodi zetu hicho tukisahau kwanza.

Mimi naona kugombana hii au ile ndo kosa. Oparesheni ya uzazi yenyewe inaonyesha njia, mofini kidogo sana ikichanganywa kwenye ileile sindano ya mgongoni inashika karibu siku nzima, halafu parasetamoli na diklofenaki zinafuata kwa saa, hapo vidonge vikali vinahitajika kidogo au visihitajike kabisa. Kinachonipa shaka sio uteja, ni nesi mmoja usiku mwenye wagonjwa 40, nani ataamka kuhesabu pumzi? Hoja hiyo naikubali na ingekuwa ndo jibu alilopewa wifi ningenyamaza. Ila Uganda wanatengeneza mofini ya maji, serikali inaigawa bure, na tangu 2004 manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika wenyewe, ni kwa wagonjwa wa kansa hasa, lakini ni mofini ileile na ni jirani zetu hapo tu.

Wifi ana mimba ya pili sasa. Safari hii tunaenda kumuuliza daktari wa usingizi mapema, kabla hata ya tarehe.