Msumeno wa meza wa kubebeka: angalia fensi kwanza, mota baadae

Watu wengi wakitaka kununua msumeno wa meza wa kubebeka wanauliza wati ngapi na bledi inchi ngapi, basi, wakishajibiwa hivo viwili wanalipa. Mimi siafiki kabisa. Kwa kazi za nyumbani, yani rafu, meza, kabati, droo za hapa na pale, mota nyingi za siku hizi zina wati 1500 mpaka 2000 na zinatosha, mbao ya unene wa sentimita 4 inapita vizuri tu kama bledi ina makali na wewe huna pupa. Kinachoitofautisha mashine moja na nyingine ni fensi.

Fensi, kwa anayeanza, ni ile reli ndefu ya pembeni unayoegemezea mbao ukiwa unapasua. Inatakiwa iwe sambamba na bledi mwanzo mpaka mwisho, kila ukiisogeza na kuifunga. Ikikaa upande hata milimita 2, upana wa nyuma ukawa mdogo kuliko wa mbele, mbao inabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma ya bledi, na yale meno ya nyuma yanapanda juu huku yanakuja upande wako, kwa hiyo yanainyanyua mbao na kuirusha moja kwa moja kwako. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4800 kwa dakika, ncha za meno zinakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 200 kwa saa jamani, na mbao inaondoka kabla hujajua kimetokea nini. Ndo maana nasisitiza fensi hata kwa mtu ambaye hajali sana kama kingo zake zimenyooka.

Sasa dukani fanya hivi, usione aibu. Omba mashine ikiwa imetolewa kwenye boksi na haijachomekwa umeme, legeza fensi, isogeze, ifunge, alafu pima umbali kutoka ule mfereji wa mezani (ule inapotelezea geji ya pembe, yani kile kifaa cha kusukumia mbao ukiikata kwa pembe) mpaka kwenye fensi, mbele na nyuma. Rudia, sogeza tena pima tena. Vipimo vikiwa vinabadilika badilika kila ukifunga achana nayo hata kama ina mota ya kutisha. Ukishaifunga, isukume mkia wake kwa mkono, ikicheza jibu umeshapata. Mimi napenda zile fensi zinazotembea kwenye reli zenye meno, unazungusha kitasa kimoja tu na mbele na nyuma vinakwenda pamoja, DeWalt wanajulikana sana kwa aina hii ila sio wao peke yao.

Cha pili ni kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi, kinachozuia mbao iliyopasuliwa isijifunge na kuyabana meno. Kiwe kinapanda na kushuka pamoja na bledi, na kiwe rahisi kukirudisha, kwa sababu kisu kinachohitaji spana na dakika 10 kitaishia kwenye droo na hakitarudi. Mashine ya mitumba isiyo na kisu hicho siwezi kumshauri mtu yeyote ainunue, iwe bei rahisi vipi.

Kuna pia SawStop, kampuni ya misumeno ya meza, ambao bledi yao inabeba mkondo mdogo wa umeme, ngozi ikigusa meno mashine inahisi na kipande cha alumini kinajikita kwenye bledi na kuisimamisha ndani ya milisekunde 5 hivi. Bledi na hicho kipande vinakuwa vimekwisha, unanunua vingine, lakini kidole kipo. Kama mfuko unaruhusu chukua bila kusita. Lakini teknolojia hiyo inalinda vidole, mbao kurushwa ni habari nyingine, kisu na fensi bado vinahitajika palepale.

Ukubwa? Bledi ya inchi 10 inakata kina cha karibu sentimita 8, ya inchi 8 na robo kama sentimita 6 na nusu, na kazi nyingi za ndani hazifiki hata sentimita 5. Kwa hiyo ile ndogo mi naona inatosha, nyepesi, unaibeba mwenyewe na kuihifadhi chini ya benchi. Angalia zaidi fensi inafika umbali gani kutoka kwenye bledi. Ikifika sentimita 62 hivi unaweza kuigawa shiti ya plaiwudi ya sentimita 122 katikati, japo mwenyewe shiti nzima siisukumi kwenye meza ndogo namna hii, inaning'inia, inapinda, inaiacha fensi, na tumeshaona kinachofuata. Shiti ipunguze kwanza kwa msumeno wa mviringo wa mkono na ubao ulionyooka wa kuongozea, vipande vidogo ndo vije mezani.

Stendi yenye magurudumu ni nzuri, ila itikise kwanza. Na hizi mota zinapiga kelele sana, kinga za masikio zinunue siku hiyohiyo, usiseme utarudi.

Alafu bledi. Nyingi zinakuja na ya meno 24, nzuri kwa kupasua kufuata nyuzi, ila kwenye plaiwudi au ukikata kukingama nyuzi inachana kingo vibaya, nunua nyingine ya meno 40 mpaka 60 na utaona tofauti kwenye kipande cha kwanza tu. Kabla ya kulipa soma unene ulioandikwa kwenye bledi na kwenye kile kisu. Kisu kinatakiwa kiwe chembamba kuliko njia inayokatwa na meno lakini kinene kuliko mwili wa bledi. Kikizidi njia ya meno mbao itakwama katikati ya kupasua, na wewe utakuwa umeshaanza kuilazimisha.